Daftari la Mabao Niliyokosa

Wadogo zangu mnaovaa jezi namba tisa baada yangu, mmeniomba niwaandikie nilivyocheza. Nimekaa na kalamu siku tatu nikijiuliza nianzie wapi. Mabao niliyofunga mnayajua, maana nimeyasimulia mpaka mmeyachoka, na kila mwaka yanazidi kuwa ya mbali. Lile la hatua ishirini sasa limefika katikati ya uwanja. Kwa hiyo hayo nayaacha. Nitawaeleza niliyokosa, kwa sababu yote nimeyaandika, na kilichoandikwa hakiongezeki urefu.

Nilianza kucheza mbele nikiwa na miaka kumi na sita. Nilitoka nyumbani, kijiji cha Wema, na baiskeli ya babangu, nimesikia kwamba kuna mama wa Kijapani pale Garsen anakusanya wasichana jioni. Tulidhani amekuja kupima maji, maana wageni wengi wanaokuja Tana huja kupima maji, wakishapima huondoka, na maji hubaki yalivyo. Kumbe alikuwa na mipira minne na filimbi.

Jina lake Fumiko, nasi tulimwita Mwalimu. Alikuwa mfupi, mwenye kofia pana na magoti mabovu. Kwao alicheza mshambuliaji miaka kumi na miwili. Asubuhi alifanya kazi kiwandani akipanga samaki kwenye pakiti, mchana akaenda mazoezini moja kwa moja bila kuoga, na anasema mabeki hawakupenda kumkaba kwa karibu kwa ajili ya ile harufu. Alitusimulia hayo bila kucheka hata kidogo, na mpaka leo sijui kama ulikuwa utani. Magoti yalipomshinda akajitolea kuja huku kufundisha michezo.

Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka kuliko chetu. Sisi tunachanganya Kipokomo na Kiorma na chochote kilicho karibu. Yeye alisimama mbele yetu akasema, "Tafadhali kimbieni," nasi tukakaa chini kwa kicheko, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutuambia tafadhali tukimbie.

Siku ya kwanza hakunipa mpira. Alinipa beleshi. Uwanja ulikuwa na mavi ya ng'ombe kila mahali, nasi tukayakwangua mpaka mkono ukafa ganzi. Tulipomaliza alitupanga mstari, akainama kuelekea uwanjani, akatuambia nasi tuiname, tukiingia na tukitoka. Mamangu aliposikia aliniuliza kama nimeanza kuabudu ardhi. Nikamwambia ni kama kuvua viatu mlangoni mwa mtu. Akafikiri, akasema haya, mradi Jumapili anione kanisani.

Zoezi la kwanza lilikuwa moja tu, na tulilifanya wiki mbili. Nilimpa mgongo msichana mmoja, Mwalimu akanipigia mpira kutoka mbele, na kabla haujanifikia ilinibidi nigeuze shingo niseme yule wa nyuma ameinua vidole vingapi. Nikikosea, Mwalimu alisema, "Tena." Nikipatia, alisema, "Tena." Neno la kusifu silikumbuki kabisa. Alichosema kila siku ni, "Angalia kabla mpira haujafika." Mshambuliaji anayeangalia baada ya mpira kufika, alisema, anaangalia mazishi yake mwenyewe.

Yule wa nyuma aliyekuwa akiinua vidole ndiye Dahabo. Alikuwa Muorma, mrefu, na mguu wake wa kushoto sijauona tena kwa mtu mwingine. Aliupata kwa kukimbiza ndama. Babake, Mzee Guyo, alimruhusu kucheza kwa sharti moja, kwamba amalize kukamua kwanza, kwa hiyo alifika mazoezini ananuka moshi na maziwa. Mimi nilinuka matope ya shamba la mpunga. Tuliambiana kwamba timu yetu inanuka kuliko kiwanda cha Mwalimu.

Baada ya mazoezi mimi na Dahabo tulishuka pamoja mtoni kunawa miguu. Tulifuata njia ya ng'ombe inayokwenda malka, yaani pale mifugo inaposhukia kunywa. Njia hiyo ni ya zamani kuliko Garsen yenyewe. Inakata kona ya uwanja wetu, mbele kidogo ya goli la upande wa mto. Nasisitiza hapo, kwa sababu kisa changu chote kimelala kwenye kona hiyo.

Sasa vifaa. Tulikuwa na njumu jozi sita kwa wasichana kumi na saba, tukibadilishana kama watu wanaopokezana zamu. Tulikuwa na pampu, na sindano nene ya kushonea mipira, ambayo ninyi mnaiogopa na mnanunua mipira mipya. Jifunzeni kushona. Mpira ulioushona mwenyewe unaujua utakavyodunda. Na tulikuwa na daftari.

Daftari hilo lilikuwa la kuandika mabao tuliyokosa tu. Yaliyoingia hayakuandikwa. Kila mmoja alikuwa na kurasa zake, nasi tuliandika tarehe, umbali kwa hatua, mguu gani, na mwisho sababu. Hapo kwenye sababu ndipo palipotutoa jasho. Mimi mara ya kwanza niliandika, "Kipa alidaka." Mwalimu akafuta. Nikaandika, "Uwanja una mashimo." Akafuta. "Andika wewe umefanya nini," akasema. Ilinichukua mwezi mzima kuandika sababu inayoanza na mimi.

Mwaka uliofuata mvua zilinyesha vizuri, na watu wenye mifugo wakaondoka na ng'ombe zao kwenda malisho ya mbali, bara. Dahabo akaenda na jamaa zake. Nyasi zikamea uwanjani, zikamea hata juu ya ile njia, na mtu asiyeijua asingejua kwamba ipo. Wakati huohuo tukaletewa habari kwamba watakuja watu wa kuchagua wachezaji wa kaunti, nao watatutazama palepale kwetu. Mwalimu alifurahi sana na zile nyasi. Akasema tuweke ua wa miiba ya mti wa mathenge kuzunguka uwanja mzima, mifugo isije ikauchimba.

Akaniita mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji. Tulisimama kwenye ile kona. Akaniuliza, "Hapa hapana njia?"

Niliiona. Miguu yangu ilikuwa ikiijua kuliko macho. Lakini nilikuwa nimeshauona uwanja huo laini kama mkeka, na mimi juu yake mbele ya hao wachaguzi. Nikamwambia, "Hapana njia, Mwalimu."

Tukafunga ua. Wachaguzi walikuja, nyasi zilifanya kazi yake, wakanichukua. Dahabo hakuwapo. Niliambiwa hongera na kila mtu, nikala wali kwa kuku, na sikuuonja utamu wake.

Kisha jua likarudi. Jioni moja tuko mazoezini tukasikia kengele za ng'ombe, nyingi, zikija kwa kasi. Ng'ombe aliyetembea siku mbili akanusa maji harudishwi. Wa mbele waliingia kwenye ua kifua mbele, mtamba mmoja akapasuka mguu, na nyuma yao wengine wakisukuma na kulia. Mzee Guyo alifika na fimbo yake, akasimama kwenye miiba. Dahabo alikuwa kando yake. Kutoka mashambani wakaja wanaume wa kwetu Wema na mapanga, kwa kuwa habari ya ng'ombe na ua kwetu husafiri haraka. Ninyi wa Tana hamna haja ya kuelezwa siku kama hiyo huweza kuishia wapi. Tumeshazika watu kwa mambo madogo kuliko hilo.

Mwalimu alikuja mbio na magoti yake. Akaniuliza mbele ya wote, "Rebeka, hii ni njia?"

"Sijui, Mwalimu," nikasema.

Dahabo alinitazama.  Kisha akageuza uso kwa mtamba wao.

Mwalimu akavua kofia, akaenda mpaka kwa Mzee Guyo, akainama. Hakuinama kama anavyouinamia uwanja. Aliinama mpaka mgongo ukawa sawa kama meza, akabaki hapo. Mzee akatazama chini palepale anapotazama yeye, akaniuliza mimi, "Ameangusha nini?" Nikamwambia anaomba msamaha. Ndipo Mwalimu akasema kwa sauti, akiwa bado ameinama, kwamba ua ni wake, kosa ni lake, na hakuna mwingine. Kisha akainuka, akaanza kuving'oa vile vigogo vya mathenge kwa mikono mitupu.

Sisi wasichana tukamfuata. Halafu wale wanaume wa Wema, waliokuja na mapanga kwa jambo lingine, wakasimama kidogo, wakatazamana, wakaanza kukata ua. Njia ikafunguka. Ng'ombe wakapita kati yetu wakishuka mtoni, nasi tukabaki tunahema kwenye vumbi, watu wa kulima na watu wa kufuga, wote tukiwa tumechomwa na miiba ileile. Mpaka leo nikikumbuka namshukuru Mungu kwa mwisho ule, maana sikuustahili.

Miiba ya mathenge ina sumu. Mikono ya Mwalimu ilivimba, yote miwili ikafungwa bandeji, akawa anashika chai kwa viganja kama anaomba dua. Kila siku nilizitazama zile bandeji. Dahabo hakurudi mazoezini. Siku ya kwanza, ya pili, wiki ikaisha. Safu ya mbele tukabaki mimi na upepo. Wenzangu walisema Waorma wamekasirika, na nikajikausha, ingawa nilijua si Waorma waliokasirika, ni mtu mmoja, na nilijua na sababu yake.

Siku ya tisa nilienda kwao wakati wa kukamua. Nilimkuta amechuchumaa kando ya ng'ombe, kibuyu mapajani. Maneno niliyoyapanga njiani yote yalinipotea.

"Nilijua," nikamwambia.

Hakuacha kukamua. "Najua ulijua. Tulipita pale sote, kila jioni."

"Mbona hukusema mbele ya watu?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Maziwa yakaendelea kulia ndani ya kibuyu. "Na Mwalimu umemwambia?"

"Bado."

"Basi bado hujasema."

Hakunikaribisha chai. Muorma asiyekukaribisha chai amekuambia yote. Niligeuza baiskeli nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu. Nilimkuta barazani anajaribu kushona mpira na mikono yake ile, sindano inamtoroka. Nikamwambia yote, kuanzia kwenye kona mpaka "sijui" yangu. Aliichomeka sindano kwenye mpira, akauweka mpira chini. Wallahi ningependa anizabe kofi, kofi lina mwisho.

Mwishowe aliingia ndani akatoka na daftari. Akalifungua kwenye kurasa zangu, akalisukuma kwangu. "Andika."

Nikamwambia hili si bao.

"Andika," akasema tena.

Nikaandika tarehe. Umbali, nikaandika hatua moja, kwa kuwa njia ilikuwa hatua moja kutoka niliposimama. Mguu, nikaacha wazi. Kwenye sababu nikaandika, "Niliona nikasema sioni." Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Hakufuta. Kisha akavua filimbi shingoni mwake, akanivisha mimi.

Akanieleza kwamba ameshazungumza na Mzee Guyo. Ng'ombe wakija, mchezo unasimama mpaka wapite, iwe mazoezi au mechi, na timu ngeni zitaambiwa mapema. Lakini lazima awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwaona kabla hawajafika. Mazoezini atapiga filimbi, kwenye mechi atamwinulia refa mkono. Mtu huyo ni mimi, na si zamu, ni kila siku.

Kesho yake jioni nilikuwa nimesimama katikati na filimbi yangu nikiangalia upande wa goli, mpira ukanipiga mgongoni kwa nguvu. Nikageuka. Dahabo alikuwa amesimama pale, ananuka maziwa. Akaniambia, "Angalia nyuma." Nililia, sioni haya kusema. Naye akacheka mpaka akakaa chini.

Yale mengine mtayasikia kwa wengine. Nilikwenda kucheza Mombasa misimu sita, mazoezi kwenye mchanga na mechi kwenye jua kali, na huko nikagundua kwamba adhabu ya Mwalimu ndiyo iliyonifanya mchezaji. Shingo yangu haikutulia. Kila sekunde chache iligeuka kulia, ikageuka kushoto, kwa mazoea ya kuwatafuta ng'ombe, na nilipopata mpira nilikuwa nimeshajua kila beki yuko wapi. Beki mmoja mrefu, mwenye tabia ya kukukanyaga kidole refa akigeuka, aliniuliza, "Dada, unamtafuta nani?" Nikamwambia, "Ng'ombe." Akacheka, na akicheka nikampita. Wa namna hiyo msishindane nao kwa nguvu. Simameni ubavu, mpira upokee kwa mguu wa mbali, na mkipata nafasi muwachekeshe.

Mwalimu aliondoka baada ya miaka mitatu. Aliniachia pampu, sindano na daftari. Siku hizi anafundisha watoto wadogo kwao, na hunitumia picha za magoti yake, nami namtumia ya kwangu. Dahabo aliolewa akaacha kucheza akiwa bado ni bora kuliko mimi, na hilo limo humu kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kulisema. Mzee Guyo ameshatangulia mbele ya haki. Mifugo sasa iko mikononi mwa Dahabo na nduguze.

Nikarudi nyumbani, nikacheza nanyi miaka yangu ya mwisho. Mwezi uliopita, kama mnavyojua, tulicheza na wageni kutoka Hola mechi yangu ya kuaga. Dahabo alikuwa ameahidi kuja kuniona. Mpaka mapumziko hajaonekana, na nilianza kununa kidogo. Tulikuwa sare, bao moja kwa moja, na goti langu lilikuwa limeshaniaga tangu dakika ya sitini. Zikabaki dakika chache.

Mpira ukatoka kwa mmoja wenu, mzuri, chini kwa chini, unakuja kwangu tukiwa upande wa goli la mto. Nikageuza shingo kabla haujafika. Beki wa kulia amechelewa. Beki wa kushoto ameanguka. Kipa ametoka nusu. Na nyuma yake, nje ya kona, juu ya nyasi, pembe.

Bado hawajaingia uwanjani. Refa ananitazama mimi. Ninyi nyote mnanitazama mimi, na mama zenu, na watoto juu ya pikipiki. Hakuna hata mmoja aliyeziona zile pembe. Nilihitaji kugusa mara mbili tu. Miaka yote hii ya mpira, na lile lilikuwa bao langu la kuondokea, limewekwa hapo mbele ya mguu wa kulia.

Nikaukanyaga mpira, nikainua mkono.

Mlivyoguna mimi nilisikia. Mmoja wenu aliniita jina ambalo sitaliandika. Refa alikuja akitaka kuuliza, ndipo ng'ombe wa kwanza alipoingia, na wa pili, na kipa wa Hola akakimbilia nyuma ya nguzo. Walipita wote mbele ya goli taratibu, na nyuma yao, na fimbo ya babake mkononi, akaja Dahabo. Ahadi ilikuwa kuja kunitazama, na zamu ya kunywesha ikawa yake, basi akaja kwa yote mawili.

Akasimama karibu nami kidogo, akauona mpira chini ya mguu wangu na kipa nyuma ya nguzo. "Ungefunga kwanza," akasema. "Nani angejua?"

"Wewe," nikamwambia.

Alicheka, akanigusa goti bovu kwa ncha ya fimbo, akawafuata ng'ombe wake kuelekea mtoni. Sisi tukachukua beleshi, tukasafisha. Refa akaudondosha mpira, lakini mabeki wote walikuwa wamesharudi mahali pao, na mechi ikaisha sare ileile. Tuliinama pamoja na watu wa Hola, ambao walidhani tumeangusha kitu.

Filimbi iko ndani ya kikapu cha mipira, pamoja na sindano na pampu. Anayevaa tisa ndiye anayeivaa, na si zamu. Daftari nalo ni lenu sasa. Kurasa zangu zimejaa, na ule wa mwisho niliuandika jioni ileile, mguu ukiwa ndani ya beseni la maji ya moto. Tarehe. Umbali, hatua nane. Mguu, kulia. Sababu: "Niliangalia nyuma." Nikaupiga picha nikamtumia Mwalimu.

Jibu lilikuja asubuhi. Nilitegemea ataandika lile neno lake, tena, nikawa nimeshajiandaa kucheka. Hakuliandika. Wala hakuuliza kuhusu bao, wala goti, wala matokeo. Aliuliza, "Ng'ombe wamekunywa?"

Nikamjibu kwamba wamekunywa.